Kalemie: Mwanafunzi wa hapa alikuwa msafiri tangu mwanzo

Kalemie – Karibu saa sita na nusu za mchana, mbele ya shule nyingi za mji, makundi mawili ya wanafunzi yanapishana. Wa asubuhi wanatoka, njaa imewashika. Wa mchana wanaingia, vumbi miguuni, wengine wametoka mbali. Wote wamevaa namna moja, shati nyeupe na suruali ao sketi ya buluu, na mtu asiyewafahamu hawezi kusema nani mzaliwa wa Kataki na nani aliyefika na mama yake kutoka upande wa Nyunzu akiwa na nguo moja tu. Lakini watu wa mji wanajua. Na kuna neno linalosikika sokoni, kwenye mikutano ya wazazi, hata kwenye mlango wa prefe: wageni wametujazia shule.

Neno hilo linafaa kupimwa na historia. Ukirudi nyuma zaidi ya miaka mia moja, utakuta kwamba masomo ya sekondari katika nchi hii ya ziwa hayakuanzia mjini Kalemie, na karibu kila kizazi cha wanafunzi kiliyafuata kwa safari: kwa mguu, kwa mtumbwi, kwa treni, kwa meli.

Mwanzo uko Mpala, kusini mwa mji, penye pwani ya ziwa. Mbelgiji Émile Storms alijenga kituo pale 1883, na 1885 kituo hicho kikapewa Mapadri Weupe. Wakati ule Albertville haikuwepo. Boma la jina hilo lilianzishwa na Kapteni Jacques mwisho wa 1891, wakati wa vita vya kupigana na wafanyabiashara wa watumwa. Mapadri walikusanya watoto, wengi wao waliokombolewa utumwani, watoto wasiokuwa na kijiji cha kurudia. Kwa hiyo wanafunzi wa kwanza kabisa wa pwani hii walikuwa watoto waliong'olewa makwao na vita. Hilo halisemwi mara nyingi.

Kutoka kwa shule za kusoma na katekisimu, mapadri walitoa seminari ndogo. Ilianza Mpala mwisho wa karne ya 19, kisha ikahamia Lusaka. Lusaka ya kwetu, upande wa Moba, si ile ya Zambia. Watoto wa siku hizi wanachanganya. Pale ndipo masomo ya sekondari yalipopata sura: Kilatini, Kifaransa, hesabu, uimbaji, kengele ya kuamka, kengele ya shamba, kengele ya kulala. Aliyeingia aliwaacha wazazi kwa muda mrefu, na wengi walirudi nyumbani bila kufika mwisho.

Mmoja alifika. Stefano Kaoze, mzaliwa wa milima ya Marungu, alipita Mpala na Lusaka, akaendelea na seminari kubwa, na tarehe 21 Julai 1917 Monseigneur Victor Roelens akamweka upadri kule Baudouinville, ambayo leo ni Moba. Alikuwa padri wa kwanza Mkongo wa nyakati hizi. Kabla ya hapo, alipokuwa angali mwanafunzi, alikwisha andika juu ya mawazo na desturi za watu wake, na kazi hiyo ikaanza kutolewa 1910 katika jarida la Ubelgiji. Wanahistoria wanaihesabu kati ya maandishi ya kwanza ya Mkongo kuchapishwa kwa Kifaransa. Kijana wa kijiji cha mlimani aliandika vile miaka mitano kabla treni haijafika ziwani.

Treni ilifika 1915. Reli ya kutoka Kabalo, kilometa 273, ilimalizika wakati wa Vita vya kwanza vya dunia, Wabelji na Waingereza wakipigana na Wajerumani juu ya maji ya Tanganyika. Toka siku hiyo mji ulianza kukua. Kampuni ya reli, CFL, ilihitaji makarani, mafundi, watu wa bandari. Makaa ya mawe yalichimbwa Greinerville. Baada ya Vita vya pili kiwanda cha nguo cha Filtisaf kikaita wafanyakazi wengine. Walikuja Waluba, Watabwa, Waholoholo, Wabembe, Wahemba, na watu kutoka ng'ambo ya ziwa. Wazee wa mji wanaojiita wenyeji leo, wengi ni wajukuu wa mtu aliyeshuka kwenye behewa na sanduku moja.

Watoto wa wafanyakazi hao walipata shule za msingi. Baada ya hapo mlango ulikuwa mwembamba sana. Mkoloni alitaka karani, fundi, mwalimu na muuguzi, akatengeneza masomo ya kiasi hicho. Mwenye akili nyingi na bahati alielekezwa seminari ao shule ya walimu ya misioni, mbali na nyumbani. Mpango wa 1948 ulifungua kidogo sekondari kamili kwa wavulana, na 1954 waziri Auguste Buisseret akaanza kuleta Wakongo katika shule za serikali zisizo za misioni. Mwaka huohuo Lovanium ilifunguliwa karibu na Léopoldville, na 1956 chuo kikuu cha Élisabethville.

Wasichana waliachwa nyuma zaidi. Masista Weupe walikuwa wamefika pwani hii tangu mwisho wa karne ya 19, lakini masomo waliyoruhusiwa kutoa yalikuwa hasa ya kushona, kupika, kulea mtoto, na kwa wachache sana ualimu. Mpango ule wa 1948 uliwafungulia wavulana mlango ambao dada zao hawakufunguliwa. Mama wa Kalemie anayelipia leo binti yake minervali ya mwaka wa sita anafanya jambo ambalo bibi yake hakuweza hata kuliomba.

Uhuru ulipofika 30 Juni 1960, Kongo nzima ilikuwa na wahitimu wa chuo kikuu wanaohesabika kwa makumi machache tu. Siku 11 baadaye Katanga ya Tshombe ikajitenga, na kaskazini ya Katanga ikakataa. Reli ile iliyoleta watu ikawa uwanja wa vita. Tarehe 8 Novemba 1960, kule Niemba, askari 9 wa Ireland wa kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichokaa Albertville waliuawa walipokwenda kwenye daraja. Inasemwa waliowavamia waliwadhani ni askari wa Tshombe. Jina la Niemba linajulikana Ireland hadi leo. Familia zilizokimbia toka upande huo 2017 wanalijua kwa sababu nyingine.

Juni 1964 waasi waliteka Albertville, Jason Sendwe aliyeongoza jimbo la Nord-Katanga akauawa, na mji haukurudi mikononi mwa serikali hadi mwisho wa Agosti. Juni ni mwezi wa mitihani. Walimu wa kigeni waliondoka, wazazi walificha watoto porini ao walivuka kwenda Kigoma. Kizazi hicho kilijifunza jambo ambalo vizazi vilivyofuata vilirudia: mwaka wa masomo unaweza kukatika kama uzi, na kufunga fundo ni kazi ya mzazi.

Miaka miwili baadaye Albertville ikaitwa Kalemie. Na 1967 likaja jambo lililobadilisha maisha ya kila mwanafunzi wa nchi hii: mtihani wa Serikali, ule tunaouita Exetat. Mbele yake, diploma ilitegemea shule na jinsi ilivyotambuliwa. Sasa mtoto wa Kalemie, wa Moba, wa Manono na wa Kinshasa walikalia maswali yale yale, siku zile zile. Kwanza maandishi marefu ya Kifaransa, ile dissertasio inayotangulia na kuwatia vijana homa. Kisha siku nne za maswali ya kuchagua jibu. Asilimia 50 unapita, chini yake unarudi. Watu wanalalamika juu ya Exetat, na wana haki: kuna kunakili, kuna pesa zinazozunguka. Lakini kwa mji ulio mbali na Kinshasa hivi, mtihani huo ulikuwa na maana kubwa. Karatasi yake haikuuliza baba yako ni nani.

Wazee waliosoma miaka ya 1970 wanakumbuka shule kwa sauti zaidi ya vitabu. Asubuhi ni bendera. Wimbo wa taifa ulikuwa umebadilishwa: ule wa uhuru ukawekwa kando, ukaja wa Zaire, na maneno ya nyimbo zote mbili yaliandikwa na padri mmoja, Mjezuiti Simon-Pierre Boka. (Wa uhuru ulirudi 1997, na kuna wababa wa mji ambao hadi leo, bendera ikipanda, mdomo unaanza na wimbo usiofaa.) Baada ya wimbo, animasio: kucheza na kuimba sifa za Mwongozi na za MPR. Vijana wote walihesabiwa kuwa wa JMPR, watake wasitake. Siku ya salongo walichukua jembe, panga na ufagio, wakakata nyasi ya uwanja, wakazibua mifereji. Wengine wanaisema vibaya salongo. Wengine wanatazama mifereji ya leo, wananyamaza.

Ila furaha ilikuwepo. Kabumbu kati ya shule na shule, ambapo kushindwa kulimaanisha kuzomewa njia nzima hadi nyumbani. Michezo ya jukwaa mwisho wa mwaka, kwa Kifaransa cha mwalimu na kichekesho cha Kiswahili kilichopenyezwa na wanafunzi. Kwaya, skauti, Xaveri, Kiro. Wasichana na nzango, mchezo wa miguu na makofi ambao zamani ulionekana wa kupoteza wakati, na leo una mashindano yake ya kweli. Wale wa internati walikuwa na dunia yao: maharagwe yenye wadudu, bukari iliyokauka, ndakala za kuhesabiwa, na barua ya nyumbani iliyokuja na treni ikiwa imefunguliwa na mkubwa wa nidhamu.

Kwa serikali ya wakati ule hata jina la mwanafunzi lilikuwa la siasa. 1972 majina ya Kikristo yalikatazwa. Kijana aliyeingia sekondari na jina la ubatizo alitoka na jina jingine, na familia nyingi zilibaki na karatasi mbili zisizopatana, moja ya parokia na moja ya shule. Mwisho wa 1974 serikali ilichukua shule zote za makanisa, somo la dini likaondolewa. Haikudumu. Madeni, walimu wasiolipwa na majengo yaliyoharibika vililazimisha serikali kurudi kwa maaskofu na wachungaji, na Februari 1977 mikataba ikasainiwa. Toka hapo zilizaliwa shule za konvansio: za Wakatoliki, za Waprotestanti, za Wakimbangu, na baadaye za Waislamu. Serikali inabaki na programu na mishahara, kanisa linaongoza. Ndiyo sababu juu ya mlango wa shule nyingi za mji wetu kuna majina mawili ya wenye nyumba.

Mishahara, lakini, ndipo penye kidonda. Mwanzo wa miaka ya 1990 franka ya mwalimu, kwa jina zaire, haikununua tena hata mfuko wa unga. Walimu waligoma nchi nzima. Wazazi na maaskofu walikubaliana, kwa muda tu, kwamba mzazi aongeze kitu kwa mwalimu. Hiyo ndiyo prime. Muda huo mfupi ulichukua karibu miaka 30. Tangu wakati huo mwezi wa mwanafunzi wa Kalemie una siku zake mbaya: mkubwa wa nidhamu anasimama mlangoni na orodha, na wasiolipa wanarudi barabarani. Wavulana wengine wanashuka ziwani kuvuta nyavu, wasichana wanauza beignet na mama zao, mpaka pesa itimie. Septemba 2019 serikali ilitangaza masomo ya bure, lakini kwa shule za msingi za serikali na konvansio. Aliyepita kule bure anaingia umanite na anaikuta orodha ileile mlangoni.

Kisha vita. 1996 na 1997, halafu tena kuanzia Agosti 1998 Kalemie ilipoangukia mikononi mwa RCD. Watu walivuka. Wakati wa usiku, mitumbwi na mashua za wavuvi zilipeleka familia Kigoma, na toka huko kwenye kambi za Lugufu na Nyarugusu, nchi ya Tanzania. Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu ni sehemu ya historia ya shule zetu ingawa ilitendeka ng'ambo.

Walimu waliokimbia na watoto waliokimbia walifungua shule kambini. Hawakufuata masomo ya Tanzania, yaliyo kwa Kiswahili shule ya msingi na Kiingereza sekondari. Shule za Wakongo zilishika programu ya Kongo, na Kifaransa, na madarasa yenye majina yaleyale ya nyumbani, na wanafunzi wakajiandaa kwa mtihani wa nchi waliyoikimbia. Watu wengine waliona ni ukaidi. Ya nini kumfundisha mtoto Kifaransa katikati ya msitu wa Kigoma? Lakini ilikuwa hesabu ya busara. Wazazi wale walisema kwa kitendo kwamba watarudi, na kwamba mtoto akirudi asianze upya. Tangu 2005 meli zilipoanza kurudisha watu kwa mpango, wengi walishukia Baraka na pwani yetu hii, na wanafunzi waliingia darasani waliposimamia. Walio hai leo kati yao ni walimu, wauguzi, wakubwa wa ofisi mjini. Na wengine wamebaki Nyarugusu, na watoto wao.

Basi wale wanaosema wageni wametujazia shule, wengi walikuwa wageni kwenye shule ya wengine, upande wa pili wa maji.

Jimbo la Tanganyika lilizaliwa 2015, na halikupata hata muda wa kupumua. Mapigano kati ya Watwa na Waluba, yaliyokuwa yakiwaka upande wa Manono, Kabalo na Nyunzu tangu 2013, yalilipuka upya 2016, yakafika karibu na mji. Vijiji vilichomwa, na shule pamoja navyo: mbao, zinki, rejista, buletini za miaka yote. Watu walijaa Katanika, Kalunga, Moni na penginepo pembeni ya mji, wengine wakalala ndani ya madarasa ya mji wenyewe. Oktoba 2017 Umoja wa Mataifa uliweka Tanganyika katika daraja la juu kabisa la dharura, pamoja na Kasai na Kivu ya Kusini.

Kuna jambo la haki kusemwa kwa pande zote. Darasa likilalwa na familia 20, mwalimu hawezi kufundisha, na mzazi wa mji aliyelipa ana sababu ya kukasirika. Na mama aliyelala pale hakuwa na mahali pengine. Kila Septemba mabishano hayo yalirudi: wanafunzi waingie, wakimbizi waende wapi? Baraza zilizoanzishwa kupatanisha Watwa na Waluba zilizungumza juu ya ardhi, ndoa, ushuru na heshima. Shule ilikuwa ndani ya hayo yote, kwa sababu watoto wa Watwa walikuwa wachache mno madarasani hata kabla ya vita, na wachache zaidi kwenye sekondari. Wakati ambapo wajukuu wa wasafiri wa reli walikuwa wanapata diploma, watoto wa watu wa kwanza wa msitu walikuwa bado mlangoni. Hakuna historia ya mwanafunzi wa Tanganyika iliyo kamili bila aibu hiyo.

Ziwa nalo likapanda. 2020 na 2021, na tena 2024, maji yaliingia barabarani, kwenye nyumba na kwenye nyua za shule za pwani. 2025 mashua zilishusha watu wengine, safari hii waliokimbia mapigano ya Kivu ya Kusini, Uvira na Fizi. Madarasa ya mchana yakajaa tena.

Kinachowatesa hasa wanafunzi wakubwa katika safari hizi ni karatasi. Mtoto wa mwaka wa pili anaweza kupimwa na kuwekwa darasani. Finalisti, hapana: kumwandikisha kwa Exetat kunataka buletini za miaka iliyotangulia, na jina liandikwe namna moja kila mahali. Kijana aliyekimbia na godoro kichwani hakubeba buletini. Shule iliyompa imeungua. Prefe wake yuko kambi nyingine, ao amekufa. Ndiyo sababu walimu wenye uzoefu wa kukimbia wanawashauri wazazi jambo dogo: piga picha ya buletini kwa simu, mpelekee ndugu aliye mji mwingine, na karatasi yenyewe ifungwe kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya uchaguzi. Wakati wa Nyarugusu hakukuwa na simu hizi. Kulikuwa na mama walioshona buletini ndani ya nguo.

Kuna na njia nyingine, ambayo mtu wa mji hawezi kuiona asipoambiwa. Shule nyingine zilikimbia zikiwa nzima. Prefe, walimu waliobaki, wanafunzi waliobaki, wanaomba madarasa ya shule ya mji, na saa za mchana zinakuwa zao. Jina halibadiliki, wala namba ya shule katika vitabu vya serikali.

Matokeo ya Exetat yanapotoka, siku hizi ujumbe unafika kwenye simu kwanza. Ila wazee wanataka kusikia kwenye redio, shule kwa shule, jina na asilimia, kama zamani. Mjini vijana wanamwagiana poda ya mtoto kichwani, nyeupe hadi kwenye kope, wanaimba na kukimbia barabarani, pikipiki zinapiga honi. Kambini watu wanakaa kimya wakizunguka redio moja. Linatajwa jina la shule ya kijiji ambacho hakina tena nyumba hata moja iliyosimama, na chini yake majina ya watoto waliopita. Ndipo mtu anaenda kutafuta poda, ao unga kidogo kama poda haipo.